Kuagiza Amazon wakati ndugu yako anaumia ghalani

Dada, umeuliza kama ni vibaya kuendelea kuagiza nepi Amazon ilhali shemeji yako anarudi alfajiri kutoka ghala lao la Shakopee, Minnesota, miguu imevimba hata viatu havivuliki. Una mtoto mchanga na huna gari. Kwa nepi mimi sikulaumu hata kidogo.

Ila jua hili. Wafanyakazi wa ghala hilo, wengi wao Wasomali, waligoma Julai 2019, siku yenyewe ya Prime Day, yaani mauzo makubwa ya punguzo ya Amazon, wakilalamikia kasi ya kazi. Mwaka 2023 Minnesota ikapitisha sheria: viwango vya kazi, yaani kiasi ambacho mtu anatakiwa kumaliza kwa muda fulani, vitolewe kwa maandishi, na visimnyime mtu muda wa kula, kwenda msalani wala kuswali. Muulize shemeji kama amepewa vyake kwa maandishi. Kama bado, msaidie kuvidai. Hapo utamfaa kuliko kufunga akaunti kimyakimya.

Halafu usichague kuletewa siku hiyohiyo kitu kinachoweza kusubiri. Kusanya oda zako, uagize mara moja. Na iliki, mchele, sabuni, kanunue duka la jirani, hata ukizidishiwa dola moja.