Mpiga timpani anayetunga

SWALI: Mpiga timpani (ngoma kubwa za umbo la bakuli zinazopangwa noti) wa orkestra anaweza kuwa mtunzi wa muziki pia? Nami nikitungia timpani, nichunge nini?

JIBU: Anaweza. William Kraft alijiunga na Los Angeles Philharmonic mwaka 1955, akawa mpiga timpani mkuu, kisha mwaka 1981 akawa mtunzi mkazi (anayeitungia orkestra kwa kipindi fulani) wa orkestra hiyohiyo. Mpiga timpani hukaa kimya kwa muda mrefu akiwasikiliza wenzake, na hilo ni darasa la bure.

Andikia ngoma nne, zenye kipenyo cha inchi 32, 29, 26 na 23. Ya 29 hulia vizuri kati ya noti F na C. Ukishusha zaidi, ngozi hulegea na noti haisikiki wazi. Watunzi wengi hukosea kwa kudai noti mpya papo hapo. Pedali, yaani kanyagio la kubadili noti, ikikanyagwa ngoma ingali inavuma, sauti huteleza. Acha sekunde chache mpigaji azime mvumo kwa vidole, abadili, ahakikishe.