Aliyezaliwa Alhamisi usiku aitwe Juma?

SWALI: Mtoto wetu wa kiume amezaliwa Alhamisi saa tatu usiku. Babu yake anasema aitwe Juma. Hilo si jina la waliozaliwa Ijumaa? Na mbona juma ni wiki nzima?

JIBU: Babu yuko sahihi. Kwa hesabu ya Kiislamu, siku huanza jua linapotua. Aliyezaliwa Alhamisi baada ya magharibi amekwisha kuingia Ijumaa, na ndiyo maana wazee wa pwani wakitaja "usiku wa Ijumaa" hukusudia ule wa kuamkia Ijumaa. Angezaliwa alasiri, angestahili Khamisi. Msichana angekuwa Mwanajuma au Mwajuma. Hata hivyo, akina Juma wengi hawakuzaliwa Ijumaa. Wamerithi tu jina la babu, na hilo halina kasoro.

Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mkusanyiko, yaani siku ya watu kukutana kwa sala. Jamaa, jamii na jumuiya ni ndugu zake wa mzizi mmoja. Neno jumla halimo humo, ingawa wengi huliingiza: mzizi wake unaishia na l.

Kuhusu wiki: Waswahili walihesabu siku kutoka Ijumaa hadi Ijumaa, na kipindi hicho kikaitwa juma. Siku ya kwanza baada ya Ijumaa ni Jumamosi, ya pili Jumapili, hadi ya tano, Jumatano. Waarabu huanzia Jumapili, kwa hiyo tano yao inaangukia Alhamisi, jina tulilolichukua kama lilivyo. Ndiyo sababu tuna "siku za tano" mbili zinazofuatana, jambo linalowatatiza sana wanaojifunza Kiswahili.

Katika sarufi msichanganye: juma hili, majuma mawili, lakini Juma huyu amekuja, na wingi wake ni akina Juma. Siku yenyewe ni Ijumaa hii, Ijumaa ijayo.

Juma na Jumaa yote ni majina halali, ila mkazo hutofautiana: JUma, juMAa. Chagueni moja sasa, na tahajia ya cheti cha kuzaliwa ifanane na ya kadi ya kliniki na fomu za shule. Herufi moja ikizidi, ofisi huweza kuyahesabu kuwa majina mawili, na mzazi akatakiwa kuleta hati ya kiapo.