Nimeiacha Jumapili

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: "Umri umekufanya uache nini, na umeweka nini mahali pake?" Nadhani wengi watawajibu sigara, chumvi au kukesha. Mimi nimeacha Jumapili.

Nina miaka 63 na nimekimbia marathoni 19, zote za kujifurahisha. Sijawahi kushinda hata soksi. Kwa zaidi ya miaka ishirini, Jumapili alfajiri ilikuwa siku ya mbio ndefu. Wakimbiaji wa masafa wanaijua siku hiyo. Mnakutana gizani, kila mtu ameinama anafunga kamba za viatu, na kilomita ya kwanza hakuna anayesema neno kwa sababu vinywa bado vimelala. Kuanzia ya tatu hadithi zinaanza, na hapo tena hazikatiki. Ratiba zetu zilikuwa za wiki 16, yaani Jumapili 16, umbali ukipanda kidogo kidogo hadi kilomita 32, kisha ukishushwa ili mwili upumzike kabla ya marathoni yenyewe.

Nilipofika miaka 60 kano ya kisigino cha kulia, ile kamba inayounganisha tafu na kisigino, ikaanza kunung'unika. Haikukatika wala haikuvimba sana. Ilikuwa tu kwamba asubuhi nikishuka kitandani mguu unakuwa kama gogo, na ngazi nazishuka ubavu ubavu kama kaa, mkono ukutani. Nikishakimbia kilomita mbili inapata joto, maumivu yanatulia, nami najiambia ilikuwa uzembe wa asubuhi tu. Kuna Jumapili tatu nilimeza dawa ya maumivu kabla ya kutoka. Simshauri mtu. Zile dawa za kupunguza uvimbe, ukizimeza halafu ukatoka jasho kwa muda mrefu, zinazibebesha figo mzigo, na mbaya zaidi zinamnyamazisha mlinzi aliyekuwa anapiga kelele kwa sababu nzuri.

Kilomita ya 27, Jumapili ya nne, mlinzi alikataa kunyamazishwa. Kikundi kilisimama kunisubiri, wanarukaruka palepale ili wasipoe.

"Mzee, twende taratibu, zimebaki tano tu."

"Tangulieni, nakuja."

Walijua siji. Hizo tano nilizitembea kwa zaidi ya saa nzima, na baada ya hapo sikukimbia kwa miezi saba.

Mkimbiaji asiyekimbia hana kazi, kwa hiyo nikatoa madaftari yangu ya zamani na kuanza kupiga hesabu. Nilipokuwa na miaka 43 nilikimbia mbio ndefu kwa dakika 5 na sekunde 30 kila kilomita, na kilomita 32 zilinichukua saa 2 na dakika 56. Nikiwa na miaka 60 mwendo wangu ulikuwa 7:15. Kilomita ni zilezile 32, lakini sasa ni saa 3 na dakika 52. Nilitazama namba hizo mbili kwa muda. Daftari linaonyesha zoezi lilelile, miguu imeongezewa karibu saa nzima ya kugonga ardhi. Mzee alikuwa anafanya kazi kubwa kuliko kijana, halafu anapewa siku saba zilezile za kupona.

Na hiyo 32 yenyewe imetoka wapi? Ni maili 20. Waliohesabu kwa maili walipenda namba isiyo na chenji, nasi wa kilomita tukairithi bila kuuliza. Marathoni nayo ina kisa kama hicho. Katika Olimpiki ya kwanza mwaka 1896 umbali ulikuwa kama kilomita 40. Hizi 42.195 zilitokana na michezo ya London mwaka 1908, ambako mbio zilianzia kwenye kasri la Windsor na kumalizikia mbele ya jukwaa la kifalme uwanjani, na mwaka 1921 umbali huo ukapitishwa rasmi. Kwa hiyo zile mita za mwisho zinazotuua ni za adabu kwa wafalme. Nikizikumbuka nikiwa nimechoka huwa nakasirika kidogo.

Siku ya marathoni sina ujanja, lazima nizikimbie. Lakini wiki ya siku saba? Kano haina kalenda ukutani. Inapata damu kidogo, na ukiishaitumikisha sana, kwa siku moja au moja na nusu ya kwanza inabomoa nyuzi zake kuliko inavyozijenga. Kujenga kunashinda baadaye. Ukirudi barabarani kabla ya hapo unachota kwenye mtungi ambao haujajaa. Misuli ya mtu mzima nayo si ya kijana: chakula kilekile, zoezi lilelile, lakini inachelewa kuitikia. Mapigo ya juu kabisa ya moyo yanashuka kila tunapoongeza mwaka, ufanye mazoezi usifanye. Mambo hayo yote niliwahi kuyasoma nikiwa na miaka hamsini, nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani.

Niliporudi, wiki yangu ikawa ya siku kumi. Siku ya kwanza ni mbio ndefu. Ya pili natembea nusu saa, sikimbii hata nikijisikia vizuri, na hasa nikijisikia vizuri. Ya tatu ni mapumziko kamili. Kati ya ya nne na ya tisa naweka mbio laini tatu za dakika 40 hadi 50, mojawapo ikiwa na vilima vifupi, na siku mbili za kunyanyua visigino kwenye kingo ya ngazi nikiwa nimebeba begi lenye vitabu. Zoezi hilo la ngazi ndilo lililoitibu kano, si dawa wala barafu: unapanda kwa vidole taratibu, unashuka taratibu zaidi, mpaka tafu zinatetemeka. Linachosha akili kuliko mwili. Ya kumi napumzika tena.

Umbali wa mbio ndefu siuhesabu tena, nahesabu muda. Dari yangu ni saa 3, ambayo kwa mwendo wangu ni karibu kilomita 25. Ndani ya siku 112 za ratiba ya zamani sasa napata mbio ndefu 11 badala ya 16, na nne tu ndizo zinagusa saa 3. Wenzangu waliniambia ukifika marathoni bila kuonja 32 utagonga ukuta, yaani nguvu zitakukatikia ghafla njiani. Ukuta upo, siubishi. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini una mwisho, na wengi wetu unatuishia karibu na kilomita ya 30 au zaidi kidogo. Lakini ukuta unagongwa zaidi na anayeanza kwa kasi isiyo yake na asiyekula njiani kuliko aliyekosa kilomita saba za mazoezi. Tangu nibadili nimekimbia marathoni mbili. Ya kwanza niligonga ukuta kweli, kwa sababu nilianza na vijana. Ya pili nilianza nyuma kabisa, nikawapita watu kuanzia kilomita ya 33, na sijui kama kuna ulevi unaozidi huo.

Kuna atakayeniletea habari za Ed Whitlock wa Canada, na ana haki. Mzee huyo mwaka 2003, akiwa na miaka 72, alikuwa mtu wa kwanza mwenye miaka 70 na zaidi kumaliza marathoni chini ya saa 3: 2:59:10. Mwaka uliofuata akashusha hadi 2:54:48. Mazoezi yake? Kuzunguka makaburini karibu na nyumbani kwake, peke yake, polepole, hata saa 3, siku baada ya siku. Ukimtazama yeye, siku zangu kumi ni uvivu mtupu. Lakini tazameni tena: alihesabu muda, hakuhesabu kilomita, na alikwenda polepole mno kuliko uwezo wake. Yaliyobaki ni mwili aliozaliwa nao, nami sikuzaliwa nao.

Maji ni somo ambalo bado najifunza. Kiu inapungua makali mtu anapozeeka, kwa hiyo "kunywa ukisikia kiu" hainitoshi, na "kunywa kila unapokumbuka" ni hatari pia, kwani maji mengi mno yanaizimua chumvi ya damu na watu wameshakufa kwa hilo. Mimi najipima. Kabla ya kutoka kilo 68, nikirudi, nimejifuta jasho, kilo 67. Hapo ni sawa. Nikirudi na 66 nilizembea. Siku moja nilirudi na 68 na nusu, maji yanachezacheza tumboni kama kwenye kibuyu, nikajua nimekunywa kwa woga.

Na kuna ishara moja ambayo hakuna aliyeniambia, niliigundua kwa kuanguka. Mtu akichoka hainui mguu vizuri. Kwa kijana tofauti ni ndogo, kwangu inatosha kunasa kwenye mzizi. Kabla ya kuanguka, kiatu cha kulia kinaanza kukwaruza chini kwa ncha: kra. Kimya kidogo. Kra. Zamani nilikuwa nasikia muziki masikioni, kwa hiyo sikuwahi kuisikia sauti hiyo, nikaisikia siku ile tayari niko chini, goti limechubuka na mchanga umeingia kiganjani. Sasa nakimbia masikio wazi. Nikisikia kra mbili ndani ya dakika moja, mbio ndefu imekwisha, hata kama saa ya mkononi inasema nimekimbia saa 2 na dakika 38 tu. Natembea kurudi. Saa haipendi, inaniuliza kama nataka kuendelea.

Mmeuliza pia nimeweka nini mahali pake, na hapa nisiwadanganye. Siku kumi zimenipa kano nzima na zimeninyima watu. Mbio ndefu yangu inaangukia Jumatano, Jumamosi, Jumanne, siku ambazo hakuna mwingine barabarani kwa saa 3. Nimestaafu, kwa hiyo muda ninao. Anayefanya kazi labda aende Jumapili moja aiache moja, siku 14 si mbaya. Lakini upweke wa kilomita ya 20 siku ya Jumanne, bila mtu wa kukusimulia habari za mkwewe, hilo zoezi la visigino halitibu.

Kwa bahati hesabu ina huruma kidogo. Wiki yangu ya siku kumi na ile ya siku saba zinakutana kila siku 70. Mara tano kwa mwaka mbio ndefu yangu inaangukia Jumapili, na siku hizo nimeziwekea duara jekundu. Natoka dakika 40 kabla ya kikundi, kwa njia ileile, nikiwa na taa kichwani. Wao wanakimbia 5:30, mimi 7:15, na mara ya mwisho nilikuwa nimepiga hesabu kwamba watanikamata kilomita ya 23. Walinikamata karibu na ya 22, maana nilikuwa nimesimama kichakani, na katika umri huu kusimama huko hakuishi upesi. Nilisikia miguu yao kwanza, kisha vicheko, na yule aliyeniambia zimebaki tano tu akapunguza mwendo mpaka tukawa bega kwa bega.

"Mzee, ulikuwa unatusubiri?"

"Tangu saa kumi na nusu," nikamwambia. Akaanza kunisimulia habari zote za wiki kumi.