Re: Bodi ya Beetle imegoma kutoka kwenye chasisi, nifanyeje?

Kaka pole, hiyo bodi ya Beetle (ile Volkswagen ndogo ya mviringo) inanyanyuka nyumbani bila winchi wala nini, yangu tuliitoa uani watu sita tukaiweka juu ya mapipa. Umesema bolti zote za pembeni umeshatoa na bado haichezi, mimi nahisi umesahau zile za spana 17. Mbili ziko mbele juu ya akseli na huzioni mpaka utoe tangi la petroli, nyingine ziko nyuma karibu na shokapu, moja kila upande, ukitoa tairi utaona donge la tope, kwangua hapohapo ndio yenyewe. Halafu nyanyua kiti cha nyuma uchungulie bolti chini yake pia. Ukimaliza hizo na bado imeng'ang'ania basi ni ule mpira wa kati ya bodi na sakafu umeganda, pitisha kisu taratibu, usipige jeki kwa hasira.

Ila kabla hujanyanyua, kama chini ya milango kutu imekula, chomelea kwanza bomba kukatiza nafasi ya mlango kila upande maana bodi itajikunja. Mimi nilipuuza, mlango wa kushoto mpaka leo unafungwa kwa teke 😂

Injini niliishusha kwanza, bolti nne tu, wepesi wake utauona. Na umekumbuka kuchomoa kebo ya spidi, mpira wa kopo la mafuta ya breki na kiungo cha usukani? Tupia picha ya huko nyuma tuone.