Jibu: Utumbo mpana wa kulia, herufi B au T?

Salaam dada, habari za Lindi. Umeuliza kwa nini zoezi lako la ICD-10-PCS (mfumo wa Marekani wa misimbo ya upasuaji na taratibu za hospitali) limekosolewa: mgonjwa kaondolewa utumbo mpana wote wa upande wa kulia, ukaandika B (kuondoa sehemu ya kiungo) badala ya T (kuondoa kiungo chote) kwa kuwa utumbo mwingine umebaki. Mimi nilikwama hapohapo nikijifunza huku Mtwara, karibu nikate tamaa.

Anza na jedwali la misimbo, jina la upasuaji liache kwanza. Msimbo una alama 7. Ya tatu ni tendo, ya nne ni kiungo. Angalia kama kipande kilichotolewa kina alama yake pekee kwenye safu ya viungo. Utumbo mpana wa kulia unayo, ni F. Kwa hiyo kwa jedwali hilo kiungo chote kimeondoka, na tendo ni T: 0DTF0ZZ kama tumbo lilifunguliwa, 0DTF4ZZ kama walitumia kamera. Sehemu ya juu ya pafu la kulia (lobe) ni vilevile, ikitoka yote ni T, ingawa pafu lililobaki lipo.

Usiongeze msimbo wa kuunganisha utumbo uliobaki wala wa kushona tumbo; hivyo vimo ndani ya tendo.

Na tafadhali soma ripoti ya upasuaji mpaka mwisho, kichwa chake hakitoshi. Daktari akianza na kamera kisha akalazimika kufungua tumbo, unaandika misimbo miwili: uchunguzi kwa kamera, halafu T kwa njia ya wazi. Wengi huusahau ule wa kwanza.