Karatasi ya njano kwenye skrini

Maswali ya safari hii, kuhusu nywila na akaunti za kazini, yametoka kwa wanahabari, na karibu nusu ya barua zilikuwa zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Nimeanza nalo.

Kaka, dawati letu lina akaunti moja ya kupandisha habari kwenye tovuti. Tunaitumia watu saba, wakiwemo wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Nywila imeandikwa kwenye karatasi ya njano na kubandikwa kwenye skrini ya mhariri wa zamu. Kazi inakwenda vizuri. Kuna tatizo? (Mhariri msaidizi, Mwanza)

Lipo, na liko kwenye hao "watu saba" zaidi ya kwenye karatasi. Ila karatasi nayo ina kisa chake. Aprili 2015 wadukuzi waliivamia TV5Monde ya Ufaransa, matangazo yakakatika kwa saa kadhaa na kurasa zake za mitandao ya kijamii zikatekwa. Mwandishi wa kituo hicho akahojiwa na televisheni nyingine kuhusu mkasa huo, akiwa ofisini kwake, na nyuma yake zikaonekana karatasi zilizoandikwa nywila, mojawapo ya akaunti ya YouTube. Wadukuzi hawakupitia hapo, maana walikuwa wameshaingia kwenye mfumo miezi kadhaa kabla. Lakini nchi nzima ilizisoma. Mkipiga picha ya keki ya kuzaliwa ofisini, tazameni kwanza ukuta wa nyuma.

Turudi kwa watu saba. Habari ikibadilishwa saa mbili usiku, kumbukumbu za mfumo zitasema aliyebadilisha ni "dawati". Dawati ni nani? Mtaangaliana. Na mmoja akiacha kazi kwa hasira, anaondoka na ufunguo kichwani. Desemba 2010 huko Marekani, kichwa cha habari kwenye tovuti ya Los Angeles Times kiligeuzwa kuwa upuuzi. Mwaka 2015 mahakama ilimtia hatiani mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha televisheni cha kampuni iliyokuwa ikilimiliki gazeti hilo, kwa kuwapa wadukuzi njia ya kuingilia. Alikuwa ameshaondoka kazini. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Nami nisijifanye msafi. Chumba cha habari kimoja nilichokifanyia kazi, siku tulipoamua kuhesabu akaunti, tulikuta nne za watu walioondoka zamani, zote zinafanya kazi. Mwenye akaunti mojawapo tulikuwa tumeshamzika.

Kwa hiyo kila mtu apewe akaunti yake. Mwanafunzi aweze kuandika, asiweze kuchapisha. Ukurasa wa Facebook hauhitaji nywila ya pamoja hata kidogo: kila mmoja anaingia kwa akaunti yake na kupewa madaraka yake. Halafu ofisi ya utumishi ikipokea barua ya kuacha kazi, nakala iende kwa watu wa TEHAMA siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi.

TEHAMA wanatulazimisha kubadili nywila kila baada ya siku 30. Nimefika Simba09. Nakosea? (Mwandishi wa michezo, Dodoma)

Unakosea kidogo, wao wanakosea zaidi. Aliyeipata Simba09 atajaribu Simba10 kabla hajamaliza chai yake. Hiyo desturi ya kubadili kila mara, pamoja na ya kuchanganya herufi na alama, ilienezwa na mwongozo wa mwaka 2003 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Mwandishi wake, Bill Burr, alikiri mwaka 2017 kwamba mengi aliyoyaandika anayajutia. Mwaka huo huo NIST ikageuza kauli: usimlazimishe mtu kubadili nywila bila dalili kwamba imevuja. Wapelekee hilo wakubwa wako, kwa heshima.

Kinachosaidia ni urefu. Chukua kamusi, fumba macho, fungua ukurasa wowote na utie kidole. Fanya hivyo mara sita, upate kitu kama kibatari-reli-ndimu-hesabu-pazia-ngalawa. Usichague kwa mapenzi, na usitumie methali, kwa sababu haba na haba wadukuzi nao wanaijua. Nywila hiyo iwe ya programu ya kutunzia nywila, kama Bitwarden au KeePassXC. Nyingine zote programu itazibuni na kuzikumbuka yenyewe.

Shikamoo. Nilipata barua pepe yenye jina la mhariri mkuu, ina linki ya habari. Nikabonyeza, nikaombwa nywila, nikaandika, ukurasa ukaganda. Naona aibu kusema. (Mwandishi, Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Acha kusoma, wapigie TEHAMA sasa hivi, kisha urudi.

Umerudi? Badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, halafu kagua mipangilio ya barua pepe uone kama hakuna anwani ngeni inayotumiwa nakala za barua zako. Hapo ndipo wengi wanasahau. Kama nywila hiyo unaitumia kwingine, na huko ibadilishe.

Kuhusu aibu: tarehe 23 Aprili 2013 wafanyakazi wa AP, shirika la habari la Marekani, walitumiwa barua za namna hiyo hiyo. Muda mfupi baadaye akaunti ya AP ya Twitter ikatangaza milipuko Ikulu ya Marekani na kwamba Rais Obama amejeruhiwa. Soko la hisa la New York likaporomoka kwa dakika chache, kabla ya watu kugundua kuwa ni uongo. Kama AP walinaswa, wewe ni nani usinaswe? Kitakachokuponza ni kukaa kimya mpaka kesho.

Namba ya kuthibitisha inakuja kwa meseji. Inatosha? (Mtangazaji, Kigoma)

Ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Ila tapeli anaweza kwenda kwa wakala, akadai kapoteza simu, namba yako ikahamia kwenye laini yake. Simu ikipoteza mtandao ghafla na wenzako wanao, usingoje. Tumia Google Authenticator, programu ya simu inayotoa namba hizo bila meseji, au ufunguo wa kuchomeka kwenye kompyuta. Zile namba za akiba unazopewa siku ya kwanza, za kuingilia ukipoteza simu, zichapishe, uziweke kwenye bahasha, na mhasibu aifungie kwenye kasha la fedha.