SSD ya nyumbani: kabla hujatoa hela, soma majibu haya

Tangu niandike kwamba kompyuta ya zamani inaweza kufufuka kwa kubadilishiwa diski tu, yaani kutoa hadidiski na kuweka SSD, maswali hayajakatika. Nimechagua haya.

Nina Dell OptiPlex 7010 ya mezani, niliinunua ikiwa imetumika. Asubuhi naiwasha, naenda kuchemsha chai, nikirudi kiduara bado kinazunguka. Fundi anasema ninunue kompyuta nyingine. (Mwalimu wa sekondari, Morogoro)

Usinunue, mwalimu. Mashine hiyo ni ya mwaka 2012, lakini kwa kuandaa mitihani na kujaza alama bado ina nguvu. Kinachokuchelewesha ni hadidiski. Ndani yake mna sahani zinazozunguka na mkono unaohamahama kutafuta faili, kama karani wa masjala anayetoka kabati hili kwenda lile. Kila safari humla milisekunde kumi na ushei. Windows ikiwaka huita maelfu ya vifaili vidogo, na karani ni mmoja. SSD haina sahani wala mkono, ni chipu tupu, na jibu lake huja chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde.

Chukua SSD ya inchi 2.5 ya SATA, yaani inayounganishwa kwa njia ileile ya hadidiski yako. Waya wa data na wa umeme ni zilezile zilizokuwa kwenye hadidiski. Nafasi ndani ya kasha ni ya inchi 3.5, kwa hiyo itapwaya. Kuna vibano vya kuziba pengo hilo, na ukikosa, gundi ya pande mbili inatosha, maana kitu chenyewe ni chepesi kuliko simu na hakitetemeki.

Kuhusu ukubwa, GB 120 ziache dukani. Windows ikishakaa na masasisho yake, utabaki unafuta picha ili upate pa kupumulia. Mimi naanzia GB 240, na nikipata nafasi naruka hadi 480 au 500. Gawa bei kwa idadi ya GB. Tuseme ya 240 inauzwa shilingi 72,000 na ya 480 shilingi 110,000: ya kwanza ni shilingi 300 kwa kila GB, ya pili ni kama 229. Ndogo ndiyo ghali. Hesabu hiyo ifanye mbele ya muuzaji, simu ikiwa mkononi, utaona anavyoanza kukupunguzia.

Jambo moja la pembeni: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya mashine hiyo haimo kwenye orodha ya Windows 11. Ukishaweka SSD, jaribu Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni bure na haina makuu.

Rafiki yangu ana NVMe inayosoma MB 7,000 kwa sekunde. Mimi dukani nimeonyeshwa SATA ya 550. Si nitakuwa nimepigwa? (Mwanafunzi, Nairobi)

Hujapigwa. NVMe ni SSD inayopitisha data kwa njia ya kasi zaidi inayoitwa PCIe. Namba hizo zote ni za kusoma faili moja kubwa mfululizo, na siku yako nzima haiendi hivyo. Ukihama kutoka hadidiski kwenda SATA, tofauti utaisikia hadi kwenye mifupa. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwa mtu wa Word, kivinjari na filamu, utahitaji saa ya mkononi ili uione tofauti. Anayehariri video kubwa kila siku namwelewa akitaka NVMe.

Ila kama laptopu yako ina tundu la M.2 (la kuchomekea SSD nyembamba kama kijiti) linalokubali NVMe, na bei zinakaribiana, chukua NVMe ya kawaida ya PCIe 3.0, kizazi cha nyuma cha njia hiyo. Ya 7,000 waachie wenye mashine za kuilisha. Fungua mfuniko kwanza au usome maelezo ya modeli yako, kwa sababu M.2 ni umbo tu. Kuna M.2 za SATA na za NVMe, na upana ni uleule wa milimita 22. Mara nyingi ya NVMe ina pengo moja kwenye meno yake na ya SATA ina mawili, lakini kuingia kwenye tundu si kutambulika. Nimeshaona mtu anafunga skrubu kwa furaha, anawasha, na mashine haioni kitu.

Nimeona SSD ya kuchomeka kwa USB, TB 2, bei ya chakula cha mchana cha watu wanne. Nina duka la stationery na nataka kuhifadhia kazi za wateja. (Mama wa Mbeya)

Mama yangu, irudishe ilikotoka. Mimi mwenyewe niliwahi kununua moja, na muuzaji akaniapia. Kompyuta ikaonyesha TB 2 safi. Nikaweka mafaili, yale ya mwanzo yakafunguka, ya baadaye yakawa takataka. Nikapachika kisu kwenye mfereji wa kasha, likafunguka kwa mlio wa plastiki kavu. Ndani mlikuwa na kijibodi cha saketi cha ukubwa wa kidole gumba, kadi ya kumbukumbu ya simu imechomekwa pembeni, na tone la gundi ya moto limeishikilia. Nafasi iliyobaki ilikuwa hewa.

Ujanja wake ni huu: kile kijibodi kimefundishwa kudanganya ukubwa. Kadi ikijaa, kinaendelea kusema "nimepokea" huku kikitupa kinachokuja, au kikiandika juu ya kazi za jana. Ndiyo maana kuangalia ukubwa kwenye skrini hakuthibitishi lolote. Tumia programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux: zinajaza diski yote, kisha zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Kwa spidi ya MB 30 kwa sekunde, kujaza TB 2 peke yake kunachukua zaidi ya saa 18. Kwa hiyo patana na muuzaji siku za kurudisha kabla hujalipa, na zile siku ziandikwe kwenye risiti.

SSD inahitaji defragi (kuunganisha vipande vya faili vilivyotawanyika) kila mwezi? (Kijana wa Dodoma)

Hapana. Windows yenyewe inatuma amri ya TRIM, inayoiambia SSD ni nafasi zipi zina faili zilizofutwa, basi. Iache.

Nimepata ya mtumba, Kingston A400 ya GB 240. Nitajuaje kama imechoka? (Msomaji, Arusha)

Nenda na laptopu na kebo ya USB ya SATA. Fungua programu ya CrystalDiskInfo, utaona saa ilizowashwa, hali yake kwa asilimia, na kwa diski nyingi, jumla ya data iliyoandikwa. A400 ya ukubwa huo imewekewa na kiwanda kikomo cha kuandikwa TB 80. Ukiandika GB 20 kila siku, hiyo ni siku 4,000, karibu miaka 11, kwa hiyo aliyeitumia nyumbani hajaimaliza. Naogopa zaidi iliyotoka kwenye kamera za ulinzi, ambako huandikwa usiku na mchana. Kwa kulinganisha, Samsung 870 EVO ya GB 500 ina kikomo cha TB 300 na waranti ya miaka 5. Muuzaji akikataa usiipime, mwage na uondoke.

Umeme kwetu unakatika bila taarifa. Na picha za harusi nikiziweka kwenye SSD, zitakaa? (Baba wa Tanga)

Umeme ukikatika SSD ikiwa inaandika, kinachoandikwa kinaweza kupotea na faili kuharibika. Kompyuta ya mezani ipe UPS ndogo, hata ya kukupa dakika tano za kuizima.

Picha ni suala jingine. SSD iliyofungiwa kabatini miaka bila umeme inapoteza chaji taratibu, na joto huharakisha. Kiwango cha JEDEC, shirika linalopanga viwango vya chipu za kumbukumbu, kinataka SSD ya nyumbani iliyokwisha kuchakaa itunze data mwaka mmoja kwa nyuzi 30. Mpya hukaa zaidi, lakini harusi si kitu cha kubahatisha. Na SSD ikifa, mara nyingi hufa ghafla, haitoi ule mlio wa kugongagonga wa hadidiski.

Hadidiski uliyoitoa ulipoweka SSD, kama bado nzima, itafutie kasha la USB. Nakili picha, kisha mpelekee dada yako aitunze kwake. Kila Idi ukienda kumsalimia, beba laptopu uiongezee za mwaka huo.